Mtani Aliyekataa Noti

Kulikuwa na mama mmoja mjane, ndugu zangu, aliyefariki baada ya kuugua muda mrefu. Wanawe wakaja kumzika na magari, sare za kitenge na mpiga picha. Alipokuwa kitandani hatukuwaona. Aliyemuuguza ni dada yake, mama mkubwa wa vijana hao, mzee ambaye macho yake hayaoni vizuri.

Sasa mnajua watani walivyo msibani. Mwanamke mmoja, mtani wa ukoo ule, akajifunga khanga ya marehemu akaanza kumwigiza: anakohoa, anachechemea, anakaribisha watu. Waombolezaji wakacheka, kama ilivyo ada. Akafika kwa mtoto wa kwanza, akamkazia macho.

"Karibu, mgeni. Wewe ni wa nani?"

"Mama, mimi mwanao!" kijana akajibu, naye akicheka. Akatoa noti, maana mtani hupozwa kwa hela ndipo aache.

Mtani hakuipokea. "Mwanangu, ungeniletea nikiwa hai, ningenunua sukari."

Kicheko kikakatika. Kijana akaangua kilio: "Jamani, mimi sina mama tena!"

"Huna mama? Na yule aliyekaa mkekani ni nani?"

"Yule ni anti."

Mmesikia? Anti! Dada wa mama yake, wa tumbo moja, aliyembeba mgongoni, leo ni anti! Na mazishi yalipokwisha wakapanda magari yao, mzee akabaki peke yake anapapasa ukuta akitafuta mlango.

Mnaguna? Msigune. Wale vijana ni sisi! Babu zetu hawakuwa wajinga waliposema mama mkubwa, mama mdogo, baba mkubwa. Walijua kifo kitapita kila nyumba, wakaweka utaratibu ili mtoto asikose mama, wala mama asikose mtoto. Sisi tuliosoma tumewapa majina mengine ili tuwakwepe. Jeneza tunalichangia, uji hatuchangii! Maiti tunaisafirisha, mgonjwa hata simu hatumpigii! Huo ni undugu gani?

Na msiniambie mtamwombea. Mungu hajapungukiwa na maombi yenu. Yule mzee ndiye aliyepungukiwa na mtu wa kumchotea maji. Nawe unaye mzee kama huyo, na unajua anakaa wapi. Ukitoka hapa, kabla hujala, nenda. Kama huwezi, basi siku tutakapomzika kaa kwako, usije kutupigia kelele makaburini.