Nyani Aliyemtafuta Fundi Ndani ya Nyasi

Paukwa!
Pakawa!
Mbona mnaitikia kama mmelala? Paukwa!
Pakawa!

Hapo zamani za kale, kando ya mto, aliishi Mnana, ndege fundi wa kusuka. Akasuka kiota, suka suka, fundo juu ya fundo. Kwa kina Mnana, mke hatagi mpaka akague. Asipokipenda kiota, mume anaanza upya. Na mawingu yalishatanda, na mayai tumboni hayangoji.

Mke akakagua, akasema, "Hapa nitataga, mume wangu."

Mara, kishindo! Nyani, mbabe wa mto. "Kiota ni nyasi. Nyasi ni zangu. Basi kiota ni changu!"

"Kiota si nyasi, Mzee Nyani. Nilikiona moyoni kabla sijakata unyasi hata mmoja."

"Moyoni! Vitu ndivyo vilivyotangulia, kidege wewe. Akili ni mvuke wa vitu tu."

"Na hizo nyasi umejuaje kuwa zipo? Si kwa akili hiyohiyo unayoitukana?"

Asiye na jibu hutumia mkono. Nyani akakinyakua kiota, parr! Akaketi chini akikifumua, unyasi mmoja mmoja, akimtafuta fundi humo ndani.

"Hayumo! Nyasi tupu! Semeni wote, akili ni uongo!" akawaamuru wanyama waliokuja kutazama.

Wanyama wakaogopa, wakasema. Waoga wakubwa!

"Mimi sisemi!" akafoka Mnana. "Fumua, nitasuka. Fumua tena, nitasuka tena!"

"Mayai, mume wangu!" akalia mke.

Mnana akashuka, fyuu, akachomoa unyasi kwenye lundo la Nyani. Fyuu, mwingine. Nyani akacheka. "Beba tu! Nimepekua, hazina kitu." Mnana akasuka kwenye tawi la mgunga, juu ya maji, asikofika Nyani.

Mvua ikaja, pwaa! Mke alikuwa kiotani, ameatamia mayai makavu. Nyani akajifunika lundo lililobaki. Maji yakapenya, tiriri, mpaka mgongoni. Akalikemea lundo, "Jisuke! Jisuke, nakuambia!"

Lundo likazidi kuvuja.

Mnana akachungulia. "Ngoja kidogo, Mzee. Si ndilo lililotangulia?"

Basi wanangu, na nyinyi wazazi mnaojifanya hamsikilizi: akili hutangulia, vitu hufuata. Mtu akikuambia wewe ni lundo tu, usiiname. Hadithi yangu imeishia hapo, na anayebisha akanyeshewe pamoja na Nyani.