Jiko la Bibi Mkamburi

"Jiko kufuka si kupika." Leo mmemsikia mama yenu akimwambia jirani, mkaniuliza maneno hayo yametoka wapi. Methali hii ilianza hivi, na mimi nilikuwepo.

Mwaka huo mvua za vuli hazikunyesha kijijini kwetu Mlambenyi. Waliolima karibu na chemchemi walivuna kidogo. Watu wa bondeni hawakuvuna kitu. Kiranja mkuu wa shule yetu ya sekondari alikuwa msichana aliyeitwa Wakesho, mpole wa maneno, lakini akishaamua jambo harudi nyuma. Aliwaona wenzake wa bondeni wakisinzia darasani, wengine wakianguka gwarideni. Akatuomba sisi tuliokuwa na akiba nyumbani tulete kikombe cha mahindi au maharagwe kila wiki. Wazazi wa upande wa chemchemi walinung'unika, kisha wakatoa.

Kilichopatikana hakikutosha nyumba zote, ikabidi kuchagua. Mimi ndiye niliyetoa shauri. Shule ilikuwa juu kilimani, nikasema tusimame uani jioni tutazame majiko. Nyumba isiyotoa moshi siku tatu mfululizo ipelekewe kikapu. Wakesho akakubali, nami nikaandika orodha. Nyumba ya Bibi Mkamburi, mjane aliyeishi peke yake bondeni, sikuiandika. Jiko lake lilifuka kila jioni bila kukosa.

Wiki ya tano ya kugawa vikapu, Bibi Mkamburi alianguka njiani akitoka kuchota maji. Wakesho na mimi tulimkuta pale, tukamshika hadi kwake. Wakesho aliingia jikoni ili amkorogee uji. Alikawia, nikamfuata. Sufuria zilikuwa zimefunikwa, kavu. Hapakuwa na unga wala mboga. Kando ya mafiga palikuwa na kokwa za ukwaju, basi.

"Bibi," Wakesho akamuuliza, "kila jioni huwa unapika nini?"

"Sipiki, mjukuu wangu. Nawasha tu." Akapumzika kidogo. "Marehemu mume wangu alikuwa akilisha watu hapa. Wakiona moshi, hawaji kunihurumia."

Alituomba tusimwambie mtu. Wakesho akamwahidi.

Jumamosi iliyofuata Wakesho aliomba kikao cha kijiji kiitishwe, kikaitishwa. Alitaka tuache orodha, tupike chungu kimoja shuleni, na kila mtu ale, aliye nacho na asiye nacho, asijulikane nani ameletwa na njaa. Wengi walipinga. Mzee Mwakio wa chemchemi, aliyekuwa ametoa kuliko wote, alisema chakula kitaliwa na wenye shibe na kitakwisha kabla ya mvua.

"Majiko yanayofuka tunayaona kwa macho," alisema. "Hao tuwalishe kwa nini?"

Wakesho angetaja jina moja tu, angeshinda. Nilimtazama, nikadhani atalitaja. Badala yake akasema, "Mzee, jiko kufuka si kupika."

"Jiko la nani?"

Wakesho akainamisha kichwa. Watu wakaanza kuguna, na wengine wakainuka waende zao.

Ndipo Bibi Mkamburi, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa, akasimama akishikilia bega la jirani yake.

"Langu," akasema. Akaketi.

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa bondeni akasema na lake pia. Kisha mwingine. Kabla kikao hakijaisha majiko sita yalikuwa yametajwa na wenyewe, na la sita lilikuwa la mdogo wake Mzee Mwakio, aliyepakana naye ua kwa ua. Mzee Mwakio alimtazama ndugu yake, akaacha kupinga.

Chungu kikapikwa. Chakula kilikwisha kweli kabla ya mvua, kama Mzee Mwakio alivyosema, naye akafungua ghala lake. Siku tisa za mwisho tulikunywa uji mwepesi kama maji, lakini tuliunywa wote, na mwaka ule hatukumzika mtu kwa njaa.

Orodha yangu niliichana mwenyewe. Tangu hapo, watu wa Mlambenyi wakiona moshi kwa jirani hupiga hodi kwanza, wakaingia na kuketi, ndipo wajue kama kweli kumepikwa. Mtu akiwauliza sababu, humjibu kwa maneno ya Wakesho: jiko kufuka si kupika.