Kaa na Viazi Vinavyolala Upande

Hadithi!
— Itupe, tuidake!
Bado mbichi!
— Ilete, tutaipika wenyewe!

Basi, chini ya kilima palikuwa na ziwa dogo, na ndani yake aliishi Kaa. Hakuwa peke yake. Alikuwapo Perege na watoto wake, alikuwapo Kambare mwenye sharubu, na Chura mwenye kelele. Kisha kilimani akaja Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu, na tumbo lake halikujua kesho. Alipiga magoti akachimba mizizi, akianzia juu akishuka chini, kuru-kuru-kuru! Nyasi akala, vichaka akala, kilima kikabaki kipara.

Mvua ikanyesha, chwaa! Maji yakashuka na udongo hadi ziwani. Perege akasema, "Dada Kaa, mayai yangu yamefukiwa. Nahama." Akafuata kijito, akaenda.

Mvua ikanyesha, chwaa! Kambare akasema, "Dada Kaa, sioni hata sharubu zangu. Nahama." Akafuata kijito, akaenda.

Mvua ikanyesha, chwaa! Chura hakuaga. Kaa alishtukia tu kumenyamaza.

Yeye hakuhama. Alijiambia, "Wakirudi, nani atawaambia kwamba ni hapa?" Kila asubuhi alitoka shimoni akaita, "Hamjambo?" Tope likajibu, "Blup."

Akapanda kilimani. "Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Umeleta chakula?"

"Sikuleta. Naomba usichimbe hivyo. Ziwa letu linakufa."

"Lenu? Wewe na nani?"

Kaa akageuka. Akashuka.

Ziwani lilikuwa limebaki yungiyungi moja, ambalo alizoea kukaa chini ya majani yake. Akalikata kwa magando yake, akabeba mizizi yake minono, akaifukia kilimani. Akaita, "Bwana Ngiri, hebu chimba hapa!"

Kuru-kuru! Ngiri akatafuna, akafumba macho. "Lo! Nini hiki?"

"Viazi vya wafalme. Vimejaa kilima kizima, ila vinalala upande. Ukichimba kushuka, vinatoroka. Chimba kwa upande, kama ninavyotembea mimi, na udongo uupange upande wa chini, uwe tuta la kuvizuia."

Ngiri akachimba kwa upande, kuru-kuru-kuru! "We Kaa! Viko wapi?"

"Mbele kidogo!"

Akachimba. "We Kaa! Viko wapi?"

"Mbele kidogo!"

Akipumzika, Ngiri alilalamikia jino lake bovu, akamsimulia habari za mama yake, jinsi alivyokoroma. Kaa alicheka. Tangu Chura aondoke, hakuna aliyekuwa amemwita kwa jina. Siku nyingine alipanda kilimani mapema kuliko ilivyohitajika.

Mitaro ikakizunguka kilima chote. Mvua ikanyesha, chwaa! Maji yakashuka, yakafika mtaroni, yakatulia, tuli. Yaliyopita yakafika mtaro wa pili, tuli. Nyasi zikaota juu ya matuta. Ziwani tope likazama polepole, hata siku moja Kaa akaona miguu yake mwenyewe, yote.

Ngiri akashuka, amekonda. "Nimemaliza kilima. Hakuna kiazi!"

"Hakuna," Kaa akasema.

"Kumbe ulinidanganya!"

"Nilikudanganya, Bwana Ngiri. Nisamehe."

Ngiri akainama, akanywa maji, akanywa tena. "Matamu," akasema kwa hasira, akashika njia ya kilima kingine ng'ambo. Kaa alifungua kinywa amwite, lakini angemwambia nini? Viazi havikuwapo. Akamtazama mpaka mkia wake ukapotea.

Siku moja vijisamaki vigeni vikapanda kwa kijito. Kaa akatoka mbio, upande upande: "Karibuni! Ni hapa! Karibuni!" Vikayaona yale magando, vikakimbilia kujificha nyuma ya mawe ya ng'ambo. Kaa akarudi nyuma kidogo, akayakunja magando yake chini ya tumbo, akakaa kimya, vimzoee.

Fundisho lake, wanangu: msiseme uongo! Kaa alisema uongo, na mwisho wake mmeuona: kabaki na ziwa zima, safi kama kioo! Kuweni wakweli kama Ngiri, mlale na njaa.

Ngano nimeitua chini. Aliyeipenda aibebe, aliyeichukia ampelekee jirani.