Mashahidi wa Juu ya Mnara

Wametupokeza wanavyuoni wetu, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa kale uliozungushiwa boma aliishi mcha Mungu aitwaye Shekhe Muzaffari bin Hilali. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za waliotangulia na kuwasomea watu msikitini. Wala hakupokea ovyo. Kila msimulizi alimchunguza kwanza: je, anadumu katika sala? Amewahi kusema uongo? Anatunza amana za watu? Mwenye doa habari yake iliachwa, hata ingekuwa tamu namna gani.

Habari iliyomjengea jina ilikuwa ya siku mji ulipovamiwa. Aliipokea kwa askari waliokuwa juu ya mnara wa lango siku hiyo, watu wazima wacha Mungu. Wote walisema kauli moja: wafinyanzi waliondoa komeo kwa ndani, lango likafunguka, adui akaingia. Muzaffari akaandika kwamba wafinyanzi waliusaliti mji. Kila mwaka aliisoma, na kila mwaka watu wa mtaa wa wafinyanzi waliinamisha vichwa wakasikiliza.

Siku zikaenda, utawala ukamfikia Amiri Dhahiri, ambaye babake aliuawa katika uvamizi ule. Kwake yeye, kuinamisha vichwa hakukutosha. Aliamuru kwamba Ijumaa, baada ya sala, mtaa mzima wa wafinyanzi utolewe mjini kupitia lango lilelile, nje, ambako ng'ambo ya mashamba kulikuwa na jangwa na wanyang'anyi. Ila kwanza Muzaffari aape mbele ya watu kwamba habari yake ni ya kweli.

Alhamisi, baada ya alasiri, mwanamke mtu mzima akapiga hodi kwa Shekhe. Alikuwa Safura binti Idrisi, mke wa mfinyanzi.

"Shekhe wangu, kesho utaapa. Umewahi kumuuliza hata mtu mmoja aliyekuwa chini ya lango?"

"Mashahidi wangu ni wakweli, mama."

"Sijasema ni waongo. Mimi nilikuwa mtoto wa shamba, nje ya boma. Adui alipochoma mashamba tulikimbia na mama zetu, tukaja tukiambaa na ukuta huku tumefunikwa na moshi. Tuligonga lango tukilia. Wafinyanzi walikuwa karibu, wakatusikia, wakatufungulia. Adui aliingia nyuma yetu. Hao waliofungua waliuawa palepale, Shekhe, na mkono ulionivuta ndani sikuuona tena."

 Muzaffari alichukua fimbo yake akafuatana naye hadi langoni, akapanda mnara, mahali ambapo hakuwahi kukanyaga maisha yake yote. Akachungulia nje. Juu ya lango palitokeza upenu mpana wa mawe, wa tangu mji ulipojengwa, uliowakinga walinzi wa langoni na mishale. Alikuwa amemwomba Safura asimame chini, nje ya lango, lakini hakumwona hata ncha ya ushungi wake.  Alikuwa amepima ndimi za mashahidi wake mwaka baada ya mwaka, wala hakupima mahali waliposimama.

Tusimfanye shujaa, maana mwenyewe hakujiona hivyo. Usiku ule hofu ilimshika kwelikweli. Alimjua Amiri, alijua kadhi aliyempinga alivyozikwa bila kichwa. Alitia udhu akaswali, na katika sijda akajikuta anatafuta namna ya kuapa bila kuapa. Akaona haya mbele ya Mola wake, akalia.

Ijumaa wafinyanzi walijazana ndani ya tao la lango na chini ya upenu wake, wamebeba mafurushi, watoto wamewashika nguo mama zao. Amiri akamwambia Muzaffari aape.

"Sitaapa," alisema, na sauti ilimtetemeka hata walio mbali walisikia. "Lango walilifungua, hilo ni kweli. Usaliti niliuongeza mimi, kwa kuwa sikumuuliza aliyekuwa chini. Walifungulia wanawake na watoto."

Uso wa Amiri ukabadilika. "Babangu alikufa kwa lango hilo. Na mashahidi wako walikuwa juu, wakaona yote!"

"Basi panda, ewe Amiri. Nami nitasimama chini pamoja na hawa. Ukiniona, damu yangu ni halali yako."

Amiri aliwachukua wapiga mishale wake akapanda. Muzaffari akaingia chini ya upenu, akasimama kando ya Safura. Hapo ndipo hofu ilipozidi, kwani waliokuwa chini nao hawakuona kitu juu. Walisikia nyayo, kisha nyuta zikivutwa. Mtoto mmoja akaangua kilio, wengine wakamfuata, na mama zao wakashindwa kuwanyamazisha. Muzaffari alifumba macho akatamka shahada, akiamini ndio mwisho wake.

Nyayo zikashuka polepole. Amiri akaja akiwa peke yake, akasimama mbele ya wafinyanzi akiwatazama mmoja mmoja, kana kwamba hajapata kuwaona.

"Nimesikia watoto wakilia," alisema, "na sikumwona hata mmoja."

Akaamuru mafurushi yarudishwe majumbani. Muzaffari hakusamehewa, alivuliwa kazi siku hiyohiyo, maana wakubwa hawapendi kusahihishwa mbele za watu. Alisema alhamdulillahi. Inasemekana aliomba jambo moja tu, aisome ile habari mara ya mwisho. Alipomaliza kuisoma, safari hii pamoja na maneno ya Safura, wafinyanzi walikuwa wamesimama wima na yeye ndiye aliyeinamisha kichwa.

Enyi ndugu, mkweli anaweza kutusimulia alichokiona, na bado tukamdhulumu mtu kwa sababu ya asichokiona. Ndiyo maana tunahimizwa kuzisoma habari za waliotangulia na kuziuliza tena na tena. Wafu wa habari hizo hatuwezi tena kuwasaidia, lakini wapo walio hai wanaosubiri langoni na mafurushi yao kwa ajili ya neno tulilolisoma vibaya.