Liwali Aliyejua Kila Kiungo cha Mashua

Liwali Badawi hakuwahi kuvuka maji bila kutapika, lakini majina ya viungo vya vyombo aliyajua yote, na hakuna baraza alilokaa asiyataje. Siku moja akaitamani mashua ya Mwanamize, mjane mwenye ulimi wa asali.

"Kuanzia leo ni yangu," akasema.

"Ni yako, Bwana wangu. Ila desturi yetu, mwenye chombo mpya huvishika viungo vyake akivitaja, watu wakimsikia."

Liwali akapanda, mashua ikielea karibu na ufuo.

"Mlingoti! Foromali! Usukani!"

Watu wakashangilia.

"Na kile kijiti kilichochomekwa kule chini kabisa?"

"Nguruzi! Nani asiyejua nguruzi?"

"Kukitaja tu wengi wanaweza, Bwana."

Liwali akakichomoa, akakiinua juu kama upanga. Maji yakafoka, yakalowesha joho lake.

"Chombo kibovu hiki! Sikitaki!" akapiga kelele, watu wote wakisikia, akaruka na kukimbilia kwake.

Maji yalipokupwa, mashua ikakaa mchangani, na yaliyoingia yote yakatokea tundu lile lile. Mwanamize akaenda kubisha hodi kwa Liwali.

"Bwana, mashua yangu ninayo. Nimefuata kizibo changu, bado umekishika."