Pumzi ya Masunga

Asiyepimwa juu hubebwa chini. Mmeuliza, wajukuu zangu, msemo huu ulitoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Katika mgodi wa dhahabu wa Ibambilo palikuwa na kikosi cha uokoaji. Kila mwaka tabibu aliwapandisha waokoaji ngazi, barakoa usoni na mtungi wa hewa mgongoni, kisha akawashika mkono kuhesabu mapigo ya moyo. Aliyeshindwa aliondolewa kikosini.

Mwaka mmoja alikuja tabibu mgeni. Wakati huo Masunga, kiongozi wa kikosi, alikuwa ameanza kuishiwa pumzi. Akamfuata Lubango, mwanafunzi wake wa kazi.

"Mdogo wangu, nipandie ngazi zile. Barakoa inafunika sura, nani atajua?"

"Na kifua chako, kaka?"

"Vumbi tu hili. Nikitolewa kikosini, mimi nitakuwa nani?"

Lubango akamhurumia. Akapanda kwa jina lake, akapumzika, kisha akapanda kwa jina la Masunga. Wote wakapita.

Haukupita muda, moto ukazuka chini ya mgodi. Mchimbaji mmoja, Mhoja, akazingirwa na moshi. Kikosi kikashuka. Walipokaribia walimsikia akigonga bomba kwa jiwe, ngo, ngo, kuwaonyesha alipo. Hapo Lubango akamwona Masunga anaegemea ukuta, kisha anapiga magoti.

"Niacheni! Mfuateni Mhoja!" alisema kwa shida.

Lakini sheria ya waokoaji ilikuwa moja: mwenzao akianguka, wote hurudi naye. Machela waliyomletea Mhoja ikambeba Masunga. Lubango alishika mipini ya mbele, na kila alipopiga hatua, mlio wa lile bomba ulizidi kufifia nyuma yake.

Kikosi cha mgodi jirani ndicho kilichomtoa Mhoja. Alikuwa hai, ila hakupata tena nguvu ya kushika sururu.

"Ulinihurumia sana, mdogo wangu," Masunga alimwambia Lubango kutoka kitandani.

"Nilikuhurumia wewe, kaka, nikamsahau yule wa chini."

Mwaka uliofuata mwenzao mmoja, mwenye maumivu ya kifua, alimvuta Lubango kando.

"Nipandie mara hii tu, bwana. Mbona Masunga ulimpandia?"

Lubango hakumkaripia. Alimshika bega, akamwongoza polepole mpaka kwa tabibu.

"Mwambie unavyojisikia," akasema. "Asiyepimwa juu hubebwa chini."