Pikapu ya Hiza na Mlima Kwemzingo

Sogeeni. Mliokaa mlangoni ingieni ndani, na wewe mwenye kusinzia sinzia sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia. Wakubwa kwa wadogo mtajibu. Mimi mwenyewe jibu sina. Ningekuwa nalo nisingewasumbua.

Palikuwa na watu watatu katika kijiji kimoja cha Usambara, chini ya mlima uitwao Kwemzingo, na kila mmoja Mungu alimjalia kitu chake.

Wa kwanza alikuwa Mzee Shekalaghe, mpiga ngoma wa harusi. Huyu alijaliwa masikio. Akiwa amekaa barazani alijua nani anapita kwa kusikia nyayo tu, na mpiga ngoma mwenzake akichelewesha pigo hata kidogo, mzee alikunja uso kama aliyeng'ata jiwe kwenye wali.

Wa pili alikuwa Bi Mashavu, muuza vitumbua. Huyu alijaliwa pua. Alijua kitumbua kimeiva bila kukitazama, na alijua maziwa yatakayoharibika kesho. Wanaume waliotoka kilabuni walizunguka nyuma ya nyumba yake wasipite mbele.

Wa tatu aliitwa Msagati, mkandaji wa walioteguka. Huyu alijaliwa mikono. Aliweka kiganja, akanyamaza, akasema, "Ni hapa," na kweli palikuwa hapo. Maneno yake yalikuwa machache. Hata salamu aliitoa nusu.

Sasa tumwingize Hiza. Hiza alikuwa mkulima wa kabichi, ana mke aitwaye Zaina, na ana pikapu aliyoirithi kwa baba yake. Pikapu ya zamani, ya kabureta. Tambarare ilikwenda vizuri tu, lakini ikioneshwa mlima iliishiwa nguvu, na papo hapo ilikunywa petroli kama mfungaji anavyokunywa maji magharibi ikiadhiniwa. Inakula sana na kazi haifanyi. Tunao na watu wa namna hiyo, ila leo tunasema habari za gari.

Na lilikuwa jambo zito. Hospitali iko juu ya Kwemzingo. Mwaka uliotangulia Zaina alishikwa na uchungu, Hiza akampakia, na pikapu ikakata pumzi kwenye kona ya kwanza. Watu walisukuma. Wanaume walisukuma, wanawake walisukuma. Mtoto alizaliwa palepale barabarani, na hakulia. Nalisema haraka hivyo kwa sababu nikilisema polepole nitashindwa kuendelea.

Sasa Zaina alikuwa mjamzito tena. Daktari alimkataza kabisa kupanda pikipiki, na gari la wagonjwa lilikuwa moja tu kwa vijiji vyote vya pande zile. Mtaniuliza kwa nini asiende mapema akasubiri huko juu. Hana ndugu huko, na kwenda mapema nako kunataka gari linalopanda. Jioni moja alimwambia mumewe, "Hiza, mimi siogopi uchungu. Naiogopa ile kona."

Huko kwao ipo desturi. Mtoto hapewi jina hospitali. Siku ya kumtoa nje, mtu mmoja huinama akamtajia jina sikioni, na tangu hapo mtu huyo ni mzazi wake wa jina. Mtoto atakula kwake bila kukaribishwa, na siku ya harusi yake mzazi huyo atakaa mbele. Ni heshima kubwa, watu hukosana kwa ajili yake. Basi Zaina akaweka nadhiri mbele ya majirani: "Atakayeifanya pikapu hii inifikishe juu, ndiye atakayemwita mwanangu jina."

Hiza alianza kwa kufanya wanachofanya wote: aliisingizia kabureta, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa. Akaifungua, akaiosha kwa petroli, akaipuliza vitundu vyake, akairudisha. Pikapu ikakwama kona ileile. Akaifungua tena. Kabureta masikini ni kama mkwe mgeni nyumbani: chumvi ikizidi ni yeye, kuku akipotea ni yeye.

Siku hiyo Mzee Shekalaghe alikuwa anafunga ngoma zake tayari kwenda harusini ng'ambo ya bonde. Pikapu ilipopita mbele ya baraza, akainua mkono.

"Shikamoo, mzee," alisema Hiza.

"Marahaba, mwanangu. Zima hiyo. Haya, iwashe tena." Mzee akasikiliza kichwa kimeinama. "Mpigaji wako anachelewa."

"Mpigaji gani, mzee?"

"Huyo anayepiga moto humo ndani. Wenzake wameshacheza wamemaliza, yeye ndiyo kwanza anapiga. Nani atapata nguvu kwa ngoma ya hivyo?"

Hiza akaelewa. Cheche ilikuwa inafika kwenye plagi kwa kuchelewa, petroli inaungua bure wakati pistoni imeshaondoka. Akalegeza nati ya distribyuta, kile kichwa kinachozigawia plagi moto, na mzee akakizungusha kidogokidogo, anasikiliza, anazungusha, anarudisha, mpaka mlio ukachangamka. "Hapo. Funga." Harusi iliwasubiri wapiga ngoma, ikamkosa mkubwa wao, na wenye harusi walimnunia muda mrefu. Pikapu nayo ikaipita kona ya kwanza. Hiza alilia peke yake kwenye usukani, na mimi simcheki. Lakini kwenye kona ya pili injini ikazimika.

Akaiwasha tena, akateremka amekata tamaa, moshi mweusi ukimfuata nyuma, na moshi huo ukatua kwenye karai la Bi Mashavu.

"Hiza! Hebu simama hapo! Umenitia masizi kwenye vitumbua!"

"Nisamehe, mama."

"Sikusamehe mpaka unifungulie hilo dude lako." Bi Mashavu alikwenda nyuma ya gari, akavuta harufu, akakunja pua. "Gari lako halina njaa, lina pumzi fupi. Jiko la mafuta ya taa likikosa hewa linanuka hivihivi. Moshi mweusi tele na chungu hakichemki. Linavutia wapi hewa hili?"

Hiza akafungua lile kopo la duara lililo juu ya kabureta, chujio la hewa linapokaa. Bi Mashavu akachungulia, akashika kiuno. Ndani mlikuwa na kanga. Hiza, kwa mapenzi yake, kila kiangazi alilifunga chujio kipande cha kanga kuukuu ili vumbi jekundu lisiingie kwenye injini. Na kila kiangazi aliongeza kipya juu ya kile cha zamani.

"Baba we, hili gari au bibi harusi? Mitandio yote hii ya nini?"

"Nilikuwa nalikinga vumbi, mama."

"Umelikinga na hewa pia."

Mama akakaa chini akavifumua vile vipande kimoja baada ya kingine, vumbi la miaka likimrukia usoni. Bi Mashavu ana pumu. Usiku ule alikesha ameketi, anavuta pumzi kwa shida, na hakukaanga vitumbua mpaka watu wakaanza kulalamika. Lakini moshi mweusi ulikwisha, petroli ikaanza kudumu, na pikapu ikaipita kona ya pili. Ikapanda, ikapanda, ikafika kona ya mwisho kabisa, ambayo ukisimama hapo unaliona lango la hospitali. Hapo ikachoka. Jamani, lango unaliona na hulifikii! Mimi nafikiri hiyo ndiyo iliyomuuma Hiza kuliko zote.

Alipoirudisha chini, alimkuta Msagati amesimama uani kwake. Hakuna aliyemwita. Msagati hakuuliza habari. Aliinama akagusa gurudumu la kwanza, la pili, la tatu, kwa utaratibu uleule anaogusia magoti ya watu. Kwenye la nne, la nyuma upande wa kushoto, alikibandika kiganja katikati ya chuma na asikiondoe.

"Matatu yana afya," alisema. "Hili lina homa."

"Si limetoka safari, kaka? Lazima lipate joto."

"Yote yametoka safari." Akakikandamiza kiganja zaidi, ili awe na hakika. "Breki imelishika."

Wakaliinua kwa jeki, wakalizungusha kwa mkono. Yale mengine yalizunguka yenyewe, hili lilisota kama linavutwa kwenye tope. Ndani breki ilikuwa imeganda kwa kutu, inalibana gurudumu hata mguu wa Hiza ukiwa mbali nayo. Maskini pikapu, ilikuwa inapanda mlima huku imeshikwa mguu. Wakaifungua, wakaikwangua, wakaipaka grisi. Walipomaliza ndipo Hiza alipoona kiganja cha Msagati kimebabuka ngozi. Na mkandaji bila kiganja ni nini? Walioteguka walikwenda kwa watu wengine msimu mzima. Pikapu ikapanda Kwemzingo, kona ya kwanza, ya pili, ya mwisho, ikaingia lango la hospitali ikiunguruma, mlinzi akasimama kwa heshima akidhani ni mgeni mkubwa.

Siku ya Zaina ilipowadia, Hiza alimpakia mchana kweupe, soko limejaa, na watu wakaacha biashara zao wakatoka kutazama. Zaina alifumba macho kabla ya kona ya kwanza na hakuyafumbua mpaka aliposikia muuguzi anasema, "Teremka polepole, dada." Mtoto alizaliwa wa kike. Huyu alilia! Alilia mpaka wagonjwa wa wodi ya jirani wakacheka.

Haya. Siku ya kumtoa mtoto nje ikafika, na wale watatu wakaja, kila mmoja amevaa nguo yake nzuri.

"Mimi ndiye niliyeanza," alisema Mzee Shekalaghe. "Bila mimi isingeondoka kwenye ile kona, nanyi mnaijua ile kona. Rudisheni pigo nyuma kama lilivyokuwa, kisha mpande."

"Arudishe na matambara yake basi tuone," alisema Bi Mashavu. "Pigo zuri bila pumzi linampeleka nani?"

Msagati alisema, "Nadhiri ilitaja kufikisha. Ilifika baada ya mkono wangu."

Wanakijiji wakagawanyika palepale, na shangazi wawili wa Hiza hawakusalimiana tena siku ile. Ndipo Zaina, amempakata mtoto mlangoni, akasema kwa upole, "Wazee wangu, kaka yangu, hebu niambieni. Mngemwita nani?"

Mzee Shekalaghe alikohoa kwanza. "Ningemwita Mwanakheri. Ndiye marehemu mke wangu. Hatukujaliwa mtoto. Siku nikifa mimi, hakuna atakayelitaja jina lile tena duniani."

Bi Mashavu akamsogelea mtoto. "Ningemwita Mwanaidi. Binti yangu, homa ilimchukua angali mdogo, mnaokumbuka mnakumbuka. Sitaki makubwa. Nataka jioni nisimame mlangoni nimwite aje kula, na mtu aitike."

Msagati alikuwa anakitazama kiganja chake. "Yule wa kwenye kona," alisema, "nilimpokea mimi kwa mikono hii. Nilipomfunika nguo nilimwita Hidaya. Sikumwambia mtu. Sikutaka aende bila kuitwa."

Mkono wa Zaina uliokuwa unampigapiga mtoto mgongoni ukasimama. Hiza akageuka kutazama ukutani. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba jina la aliyekufa njiani ni zito kwa mtoto mchanga. Mwingine akasema hapana, hiyo ni rehema, mama amerudishiwa mwanawe wa kwanza. Na bibi mmoja nyuma kabisa akauliza, kwani yale majina mengine mawili ni ya walio hai?

Najua hapa yupo mjanja atakayesema mtoto apewe majina yote matatu. Kaa chini. Mtoto ataitwa moja. Hayo mengine yatakaa kwenye karatasi, na hakuna anayeitwa kula kwa karatasi. Na mwingine atasema wasubiri mtoto wa pili na wa tatu. Daktari alishamwambia Zaina asizae tena.

Basi mlango uko wazi, jua limefika kizingitini. Mtoto ameamka, anapepesa macho, na tangu azaliwe anabembelezwa bila jina. Zaina amemfunua kanga kichwani, sikio liko tayari. Mpiga ngoma, muuza vitumbua na mkandaji wamesimama mbele yake, na hakuna anayemsukuma mwenzake. Zaina amewatazama, kisha ameinua uso na kuwatazama ninyi.

Semeni, mliosikiliza. Nani ainame?